Mtufaha Mmoja Hautoshi

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ukweli huu niliuona nyuma ya jikoni kwetu.

Nilikuwa nimepanda mtufaha wa aina ya Anna. Ukarefuka, ukajaa majani, lakini miaka mitatu ikapita bila tunda hata la dawa. Mama akachoka. "Wewe, huu mti wako ni wa kivuli tu! Nitaukata uwe kuni."

Nikakimbilia kwa mwalimu wetu wa Kilimo. Alinifunza mambo mawili. Kwanza, mtufaha hauchanui vizuri bila kupumzika. Anna ilizalishwa Israeli, nayo hutosheka na baridi kidogo. Hata hivyo, huku kwetu hakuna baridi kali ya kuangusha majani, kwa hivyo yapukutishe kwa mkono, na matawi yaliyosimama wima uyainamishe kwa kamba. Pili, Anna ikiwa peke yake huzaa kidogo mno. Ipandie karibu Dorsett Golden. Aina hizi huchanua wakati mmoja, nao nyuki hubeba chavua kutoka mti huu hadi ule.

Nikamsihi Mama asubiri. Mti wa pili ulipochanua, Anna nayo ikazaa! Matunda yake ni matamu yenye ukali kidogo, ila hayakai sana. Sisi hula mabichi, na yanayobaki Mama huyapika jemu. Siku hizi yeye ndiye mlinzi wa miti.

Nawe mwanachama, kabla hujashika shoka, jiulize: je, mti huu una mwenzake?