Ndoa ya makaratasi: Nikah inapofungwa kwa kuiwahi viza



Kuna swali ambalo sisi walimu wa dini tunaulizwa sana na vijana walioko masomoni nje, na pia na wazazi wao waliobaki hapa nyumbani. Kijana amekwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Masomo yanafika ukingoni, muda wa kukaa unakwisha, na huko chuoni au msikitini amepata mchumba ambaye ni raia wa nchi ile. Je, inajuzu amuoe sasa hivi ili apate na makaratasi? Wengine huuliza kwa aibu. Wengine huuliza wakiwa wameshafunga ndoa.

Tuanze na hadithi inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa madrasa, ile aliyoipokea Umar bin Khattab (r.a.) na ambayo Imam Bukhari ameitanguliza katika kitabu chake. Mtume (s.a.w.) ameeleza humo kuwa matendo huhesabiwa kwa nia, akatoa mfano wa mtu aliyehama kwa ajili ya mwanamke anayetaka kumuoa, kwamba hijra yake ni ya hicho alichokiendea. Katika suala letu mambo yamepinduka. Huyu wa leo hahami ili aoe, bali anaoa ili asihame. Mizani hata hivyo ni ile ile.

Kwanza tuliweke sawa suala la viza, maana hapa vijana wengi huchanganya. Viza iliyobandikwa kwenye pasi ni ya kuingilia mlangoni. Kinachomruhusu mtu kukaa ndani ya Marekani ni hadhi yake ya uanafunzi, na kwa miaka mingi kanuni imekuwa kwamba akimaliza masomo ana siku 60 za kufungasha na kuondoka. Akioa raia, sheria inamruhusu kuomba ukaazi akiwa humo humo ndani, hata kama muda wake umeshapita, ilimradi aliingia kihalali. Akioa mtu mwenye kadi ya kijani tu, mlango huo si mpana kiasi hicho. Utekelezaji nao hubadilika kila utawala unapobadilika, kwa hiyo habari za kuambiwa na waliotangulia wakati wa kubeba maboksi zisichukuliwe kama hati. Aulizwe mwanasheria wa uhamiaji.

Sasa turudi kwenye fiqhi. Kijana aliyempenda binti kwa dini na tabia yake, akataka kuishi naye, na muda wa viza ukamfanya aharakishe tu jambo alilokuwa amelikusudia, huyo hana kosa. Watu huharakisha ndoa kwa sababu ya safari, kazi, au mzazi mgonjwa. Kupata makaratasi kutokana na ndoa yake ni manufaa yaliyofuata nyuma, kama vile mtu anavyooa akapata na shemeji mwema.

Shida ni kwa yule ambaye moyoni ameshapanga siku ya kuachana. Wanazuoni wamelizungumza jambo hili karne nyingi kabla pasi na viza hazijatungwa. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, ametaja katika al-Mughni mtu anayeoa katika mji wa ugenini huku akinuia kumwacha mke haja yake katika mji huo ikimalizika. Amesema kuwa kwa wanazuoni wengi nikah hiyo inasihi, kwa kuwa hakuna muda uliotajwa katika mkataba, isipokuwa Imam al-Awzai aliyeiona kuwa ni mut'a. Katika zama zetu Sheikh Ibn Baz aliifuata kauli ya wengi, na Sheikh Ibn Uthaymin akaiharamisha kwa kuwa ni ghushi kwa mke na kwa jamaa zake. Mwaka 2006 Baraza la Fiqhi la Makka nalo likaikataza kwa sababu ya udanganyifu uliomo.

Mwandishi wa makala hii anaiona kauli ya kukataza kuwa na nguvu zaidi. Hao waliosema inasihi walikuwa wakijibu kama mkataba unafungika. Kusihi kwa mkataba hakumsafishi mtu dhambi ya kumhadaa mwanamke. Mwenye shaka ajiulize kama angeridhia dada yake aolewe kwa nia hiyo.

Ama wale wanaokubaliana wazi wazi, "tukae miaka miwili, nikulipe kiasi fulani, kisha tuachane", hao hawana hata khitilafu ya kujifichia. Nikah iliyowekewa muda ni mut'a, na kwetu sisi Ahlu Sunna ni batili. Hiyo miaka miwili haikuokotwa barabarani. Ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili siku ukaazi unapotolewa, Marekani hutoa kadi ya masharti ya miaka miwili, na katika siku 90 za mwisho wanandoa huomba pamoja kuondolewa masharti. Kwa hiyo watu wamechukua kalenda ya uhamiaji wakaifanya muda wa nikah!

Linalotusikitisha zaidi ni haki ya mke. Raia anayemwombea mwenzake hutia saini hati ya dhamana ya matunzo, akiahidi serikali kwamba atamtunza mwenzake kwa kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Dhamana ile haifi kwa talaka. Inaendelea kumfunga mpaka mume awe raia, au atimize robo 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, au aondoke moja kwa moja, au mmoja wao afariki. Mara nyingi binti huyu ni Muislamu mpya, hana wali wala kaka wa kumsomea maandishi, na ametia saini kwa sababu amemwamini mtu anayeswali safu ya mbele. Mume aliyenuia kumwacha amemtwisha deni la miaka huku akijua. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha kutekeleza ahadi, na Suratun Nisaa aya ya 21 imeiita ndoa ahadi nzito.

Serikali yao nayo inauliza lile lile analouliza faqihi: je, siku ya ndoa mlikusudia kuishi pamoja? Sheria ya mwaka 1986 imeweka kifungo cha hadi miaka mitano na faini ya hadi dola 250,000 kwa anayeoa ili kukwepa sheria ya uhamiaji, na raia aliyeshiriki naye haponi. Aliyethibitika kufanya hivyo hufungiwa maombi ya baadaye, hata akija kuoa kwa dhati miaka kumi mbele.

Na huyu aliyeacha mke Dar es Salaam? Marekani haikubali ndoa ya wake wawili, basi wengine humwambia mke wa nyumbani, "nakuacha kwa makaratasi tu, moyoni bado wangu." Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) ametaja mambo matatu ambayo ukweli wake ni ukweli na mzaha wake ni ukweli: nikah, talaka na rejea. Ukitamka talaka imepita. Eda ikimalizika bila rejea yule si mkeo tena, na ukija likizo ukalala naye bila nikah mpya, jina la tendo hilo unalijua. Na binti aliyeozeshwa mbele ya wali na mashahidi bila kutajwa muda, kisha akaambiwa "ilikuwa ya viza tu", naye ni mke wa mtu. Hawezi kuolewa na mwingine mpaka aachwe na akae eda.

Kwa mwanafunzi wa kike jambo moja linaongezeka. Mume lazima awe Muislamu, na wali aliyeko huku anaweza kumweka wakala kule. Wapo wanaume wanaosilimishwa asubuhi wakaozeshwa jioni. Sisi tunahukumu kwa dhahiri, lakini wali ana haki ya kusubiri na kuuliza kabla ya kutoa ridhaa.

Jingine ni usajili. Nikah ya msikitini bila leseni ya ndoa, katika majimbo mengi ya Marekani, si ndoa mbele ya sheria. Imamu anayeozesha bila leseni kwa kumwonea huruma kijana anamwacha mke bila kitu cha kushika mahakamani siku ya mirathi au talaka.

Aliyekwisha kuingia katika ndoa ya namna hii, na nikah yake haikutajwa muda, hatakiwi kufunga ndoa upya. Abadilishe nia, akae na mkewe kwa wema, na amweleze yaliyomo katika ile hati aliyotia saini. Kama walikubaliana muda, watengane. Maombi yakiwa bado hayajajibiwa, yanaweza kuondolewa, na hilo walifanye wakiwa na mwanasheria wao. Mahari ambayo hajailipa ni deni shingoni mwake, awe amepata kadi au hakupata.

Wallahu a'alam.