Namba kwenye chesisi ya Land Rover

SWALI: Marehemu babu alituachia Land Rover ya Series IIA. Kibati cha usajili wa kiwanda kimepotea, ila kwenye chesisi, mbele kulia penye springi, nimeona 242, tarakimu nyingine tano na herufi B. Inatoka wapi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Imetoka Solihull, Uingereza, na hiyo 242 ina mengi. Ni gari la petroli la inchi 88, usukani kulia, lililoundwa kiwandani kwa ajili ya kuuzwa nje. Ingekuwa 241, lingekuwa la soko la Uingereza. 243 ilisafirishwa vipandevipande ikaunganishwe ughaibuni. Tarakimu tano ni zamu yake katika mfululizo huo. Herufi B watu huidhania mwaka, lakini inaonyesha mabadiliko ya kiufundi tu.

Tarehe iombe British Motor Museum, Gaydon. Wanatunza daftari za kiwanda, na kwa ada hutoa cheti chenye siku gari lilipoundwa, rangi ya awali na lilikopelekwa.

Kagua pia tarehe zilizogongwa kwenye dainamo na stata za Lucas. Ukikuta 4 63, huenda ni Aprili 1963, au wiki ya nne ya mwaka huo. Namba ya kwanza ikizidi 12, hiyo ni wiki bila shaka. Vifaa hivi hubadilishwa, kwa hiyo amini chesisi kwanza.

Nakusihi, fundi asiguse namba hizo kwa grainda. Brashi laini na mafuta ya taa vinatosha, kisha piga picha kabla ya rangi.