Lori Linalozimika Njiani: Namna ya Kuitafuta Kasoro ya Mafuta

Mji wa Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, na hapo ndipo inapochipuka njia ya Kitui ipitayo Ikutha na Mutomo. Malori mengi yapitayo barabara kuu ni mapya na yenye nguvu. Lakini kazi za mashambani, kama kuchukua maembe, ndengu, mchanga na matofali, bado hufanywa na malori ya kale ya dizeli, ambayo wenyewe waliyanunua baada ya kutumiwa na wengine kwa miaka mingi. Lori la namna hii ni riziki ya nyumba nzima. Likisimama, karo ya shule nayo husimama.

Kasoro isiyoondoka si ngumu kuitafuta, maana fundi huikuta pale pale ilipo. Kasoro iliyo ngumu ni ile ijayo na kwenda: lori huzimika mlimani, hukaa robo saa, kisha huwaka kana kwamba halikuugua kamwe. Kasoro hiyo ina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni ya barabarani, kwa kuwa lori lililozimika gizani ni mtego kwa kila gari lijalo nyuma yake. Hatari ya pili ni ya mfukoni, kwa kuwa mwenye lori akikosa subira hununua kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na ugonjwa ukabaki pale pale.

MFANO WA LORI LA MAEMBE

Na liwe mfano lori moja la kale, lililokuwa likichukua maembe ya Kibwezi kuyapeleka soko la Nairobi. Kutoka Kibwezi barabara hupanda kidogo kidogo kupita Makindu, Emali na Sultan Hamud. Lori hilo likiwa tupu lilikwenda vizuri. Likiwa na mzigo, lilikwenda kama nusu saa, likaanza kukohoa, likapungukiwa nguvu, mwisho likazimika. Katika safari ya tatu lilizimika mara nne kabla ya kufika Emali. Jua lilikuwa kali na maembe hayangoji. Dereva akalazimika kuuza nusu ya mzigo kando ya njia kwa bei ya kutupa.

Dereva aliambiwa na wenziwe kwamba pampu kuu ya mafuta imekufa. Mwenye lori akaazimia kuuza ng'ombe wawili ili anunue pampu nyingine. Kabla hajafanya hivyo, dereva alilipeleka lori kwa fundi mmoja mzee, akamwambia, "Mzee, naomba uifungue pampu, uniambie kama yafaa kutengenezwa au ni ya kutupwa."

Fundi hakugusa spana. Alimjibu, "Mwanangu, pampu ndicho kifaa cha ghali kuliko vyote katika njia ya mafuta. Kwa hiyo tutaitazama mwisho. Kwanza nieleze: lori huzimika wakati gani, na huwaka tena baada ya muda gani?"

Katika jibu hilo ndimo lilimo fundisho lote la makala haya. Kasoro hutafutwa kuanzia kwenye tangi kwenda kwenye injini, kutoka kwa kisicho na gharama kwenda kwa chenye gharama, na kitu kimoja kwa wakati mmoja.

SAFARI YA MAFUTA

Atakaye kuitafuta kasoro hana budi kwanza kuijua njia. Injini ya dizeli, iliyotengenezwa na Mjerumani Rudolf Diesel na kufanya kazi barabara mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, haina plagi za kuwashia moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikawa moto sana, kama vile pampu ya baiskeli ipatavyo moto inapotumiwa, na dizeli ikirushwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini ya kale iliyokuwa ikienda vizuri, kisha ikazimika bila kelele, aghalabu imekosa mafuta.

Mafuta hutoka katika tangi kwa bomba la kufyonzea, ambalo mdomo wake hukaa karibu na chini ya tangi. Huvutwa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Kutoka hapo husukumwa hadi kwenye chujio, ambalo mafundi huliita filta, kisha huingia katika pampu kuu. Pampu kuu huyagawa kwa kipimo na kuyapeleka kwa nguvu nyingi katika nozeli, nazo huyarusha ndani ya silinda kama ukungu. Mafuta yanayobaki hurudi kwa bomba jembamba la kurudishia.

Yafaa ikumbukwe kwamba pampu ndogo huigawa njia hii katika sehemu mbili. Baada ya pampu ndogo mafuta husukumwa. Penye ufa hutoka nje, na kila mtu huona tone. Kabla ya pampu ndogo mafuta hufyonzwa. Penye ufa hewa huingia ndani, wala hakuna tone litakaloonekana wakati injini inakwenda. Dereva asemaye, "Nimetazama, hakuna panapovuja," bado hajautazama upande wa kufyonza. Mpira uliopasuka kidogo, au nati iliyolegea kwa mtikiso wa barabara mbaya, hutosha kuiingiza hewa hiyo.

KUSOMA DALILI

Kasoro ijayo na kwenda husema neno lake kwa njia ya nyakati zake.

Lori likizimika baada ya mwendo wa muda fulani, kisha likawaka baada ya kupumzika, shaka ya kwanza ni tangi. Huenda tundu la kupumulia katika kifuniko limezibwa na vumbi. Mafuta yanapopungua ndani, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na pampu ndogo hushindwa kuyavuta. Au huenda kuna uchafu ndani ya tangi unaofyonzwa hadi kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Injini ikizimika mvuto huisha, uchafu huachia, na mafuta hupita tena.

Lori likiwa gumu kuwaka asubuhi, au likisumbua zaidi tangi linapokaribia kuisha, shaka ni hewa iingiayo upande wa kufyonza. Likienda vizuri polepole, lakini likakosa nguvu kila linapotakiwa kupanda na mzigo, shaka ni chujio lililojaa uchafu au pampu ndogo iliyodhoofika. Likizimika ghafla kama lililozimwa kwa ufunguo, nalo lina sumaku ya umeme ya kuzimia injini katika pampu kuu, atazame waya wake, maana waya uliolegea hukata mafuta mara moja. Na likikataa kuwaka likiwa moto, kisha likawaka likipoa, hapo ndipo pampu kuu yenyewe inaposhukiwa, kwa kuwa dizeli ikipata moto huwa nyepesi na kupenya mahali palipolika.

KUPIMA KWA UTARATIBU

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Lori likizimika, fungua kifuniko cha tangi mara moja na kusikiliza. Ikisikika hewa ikivutwa ndani, na lori likaenda vizuri kifuniko kikiwa kimelegezwa, ugonjwa umepatikana. Tundu lisafishwe kwa waya mwembamba, na kifuniko kirudishwe.

Kipimo cha pili ndicho kiokoacho fedha nyingi. Chukua mtungi safi wenye dizeli safi, ufungwe imara nje ya kebini, juu kidogo ya injini, mbali na bomba la moshi. Bomba la tangi lifunguliwe kwenye pampu ndogo, na mahali pake ufungwe mpira utokao katika mtungi. Bomba la kurudishia nalo lielekezwe ndani ya mtungi huo huo. Kisha lori liendeshwe na mzigo, mahali linapozoea kuzimika, na dereva asivute sigara. Likizimika kama kawaida, kasoro iko kwenye pampu ndogo au mbele yake. Lisipozimika, kasoro iko nyuma: katika tangi au bomba lake. Kwa kipimo kimoja nusu ya njia imeondolewa shaka.

Kipimo cha tatu ni cha hewa. Kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani huunganishwa kabla ya pampu ndogo, na injini huwashwa. Mapovu yakionekana yakipita, kila kiungo kati ya hapo na tangi kikazwe, na mpira uliozeeka ubadilishwe, usifungwe kwa utepe.

Kipimo cha nne ni cha pampu ndogo. Bomba la kutolea hufunguliwa, na mkono wa pampu hubonyezwa. Mafuta yapasa kuruka kwa nguvu, si kudondoka. Pia mafuta ya injini yapimwe kwa kijiti chake. Yakiwa yameongezeka na yananuka dizeli, huenda kiwambo cha mpira ndani ya pampu ndogo kimetoboka. Lori la namna hiyo lisiendeshwe, maana mafuta ya injini yaliyochanganyika na dizeli hayalindi tena vyuma.

Kipimo cha tano ni chujio. Maji yaliyokaa chini yake yamwagwe, na likiwa limekaa muda mrefu libadilishwe. Kila mara njia ya mafuta inapofunguliwa, hewa yapasa kutolewa: skrubu ya juu ya chujio hulegezwa, mkono wa pampu ndogo hubonyezwa hadi mafuta yatoke bila povu, ndipo skrubu hukazwa. Kisha hufanywa vivyo hivyo kwenye pampu kuu.

Vipimo hivi vyote vikipita bila jibu, ndipo pampu kuu na nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Kazi hiyo si ya kando ya barabara. Na mtu yeyote asiweke mkono mbele ya nozeli inayorusha mafuta. Nguvu yake ni zaidi ya mara 150 ya ile ya hewa ya kawaida. Mafuta hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, lakini aliyeumia hana budi kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, au aweza kupoteza mkono.

KILICHOPATIKANA NDANI YA TANGI

Lile lori la maembe lilifunguliwa kifuniko, na hewa haikusikika. Ndipo likapakiwa mchanga, likafungwa mtungi, likaendeshwa njia ya Makindu kwa muda wa dakika 40. Halikukohoa hata mara moja. Pampu iliyokuwa imehukumiwa ikaonekana haina hatia.

Tangi likashushwa na kumwagwa. Ndani yake kilitoka kipande cha karatasi ya nailoni, kikubwa kama kiganja. Dereva akakumbuka kwamba zamani kifuniko kilipotea, na kwa wiki nzima mdomo wa tangi ulizibwa kwa kitambaa na nailoni. Karatasi ya nailoni huelea majini, lakini katika dizeli huzama, kwa kuwa dizeli ni nyepesi kuliko maji. Ilikuwa ikitembea chini ya tangi, na lori lilipovuta mafuta mengi mlimani, ilikwenda kuuziba mdomo wa bomba. Injini ilipozimika, ikaachia. Lori lilirudi kazini, na wale ng'ombe wawili wakabaki zizini.

KUJIKINGA

Tangi lijazwe jioni, si asubuhi, ili lisibaki na nafasi kubwa ya hewa ambayo unyevu wake hugeuka maji usiku. Mahali maji na dizeli yanapokutana hustawi vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi na kuziba chujio. Dizeli ya pipa iachwe itulie usiku kucha, na ile ya chini kabisa isitumiwe.

Zaidi ya hayo, dizeli inunuliwe mahali panapojulikana. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ni udanganyifu wa siku nyingi. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea wadanganyifu faida yao. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, na ziko pampu kuu zisizo na kilainishi kingine ila dizeli yenyewe ipitayo ndani yake. Anayeokoa shilingi chache kwa lita huenda anainunua pampu mpya kidogo kidogo.

Na lori likizimika njiani, dereva aliondoe barabarani maadamu bado linasogea. Asiliache lishuke mlima injini ikiwa imezimika, maana katika malori yenye breki za upepo, upepo uliotumika haurudishwi tena. Aweke pembetatu zenye kuakisi mwanga, mbali ya kutosha. Matawi na mawe peke yake hayatoshi usiku. Naye akiondoka, ayaondoe mawe aliyoyaweka, kwa kuwa jiwe lililoachwa barabarani limekwisha kuwaua watu ambao lori lao halikuwa na kasoro yoyote.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika lori la kale, ufa huo mara nyingi ni mpira, kifuniko, au kipande cha nailoni. Na mwenye kuutafuta kwa utaratibu huukuta kabla haujamgharimu ng'ombe.