Asilimia 5 iliyokatwa si mwisho wa ushuru wako

Ukiunda video za mapishi, vichekesho au mafunzo ya kilimo na kuzipakia mtandaoni, pesa unazopata ni mapato kama ya mwenye duka, na hutozwa ushuru wa mapato. Ushuru huu si wa kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kinauachia serikali ya kitaifa, na anayeukusanya ni Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Mtu akikudai “ushuru wa YouTube” kwa jina la kaunti, usimpe chochote.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta makato ya asilimia 5. Kampuni ya hapa nchini ikikulipa utangaze sabuni yake, hukata kiasi hicho na kukiwasilisha kwa KRA kupitia PIN yako. Wengi wakiona makato hayo hudhani wamemalizana na serikali. La, hayo ni malipo ya awali tu.

Tuseme kwa mwaka umepata Sh600,000: Sh200,000 kutoka kampuni ya hapa, iliyokata Sh10,000, na Sh400,000 kutoka mitandao ya ng’ambo ambayo haikukata kitu. Umetumia Sh150,000 kwa bando, kukodi kamera na kumlipa mhariri wa video. Kinachotozwa ushuru ni Sh450,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na Sh62,000 zilizosalia asilimia 30. Jumla ni Sh72,400. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800, kisha ile Sh10,000. Bado unadaiwa Sh33,600.

Na kama gharama hizo huwezi kuzithibitisha? Deni linapanda hadi Sh78,600. Hizo ni Sh45,000 zaidi, kwa kukosa ankara tu! Wala si karatasi yoyote itakayokubaliwa: tangu Januari 2024, gharama ya biashara inahitaji ankara ya eTIMS, hivyo risiti ya kuandikwa kwa mkono haitoshi. Mwombe ankara hiyo siku unapolipa, maana kumtafuta mhariri wa Machi ifikapo Desemba ni kazi ngumu.

Tarehe nazo huwachanganya watu. Ritani huwasilishwa kufikia Juni 30, lakini ushuru uliosalia hulipwa kufikia Aprili 30. Anayengoja Juni hukuta riba imeshaanza kuhesabiwa. Ukichelewesha ritani yenyewe, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea kipi ni kikubwa.

Kabla ya kujaza, ingia iTax uhakikishe kwamba cheti cha kila makato kimo. Kampuni iliyokata bila kuwasilisha, idai cheti mapema. Asiye na kompyuta atapata meza ya KRA katika Huduma Centre. Aende na kitambulisho, nambari ya PIN na ankara zake zote za mwaka.