Taasisi ya familia ijipime vipi? Ninavyofanya hapa Mwanza

Taasisi za familia ninazozisaidia hapa Mwanza zina shida moja inayofanana: hakuna anayeziambia ukweli. Mwanzilishi ni baba au babu aliyechuma kwa pamba, samaki au mabasi. Wadhamini ni watoto wake. Na anayepewa msaada hathubutu kulalamika, asije akanyimwa mwakani. Iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 hupeleka ripoti kwa Msajili kila mwaka, lakini ripoti hiyo haielezi kama fedha zilifika wakati zinahitajika.

Kwa hiyo ninapoitwa sianzi na walengwa. Naomba leja, barua za maombi na mihtasari ya vikao, kisha kwa kila msaada naandika tarehe nne kwenye kaunta buku: ombi lilipopokelewa, lilipojibiwa, kikao kilipoamua, fedha zilipotoka. Kazi hii haihitaji mtaalamu, mtoto yeyote wa familia aliyemaliza sekondari anaiweza.

Familia moja ilikuwa na hakika kwamba walengwa wao hawajitumi. Tarehe zikasema vingine. Kina mama wanaoanika dagaa waliomba vichanja mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeshika. Kikao kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, kumsubiri kaka mkubwa aliyekuwa safarini. Fedha zilitoka mvua za vuli zimekwisha anza. Dagaa akinyeshewa huharibika, na anayenusurika huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kwenye ripoti ya mwaka, msaada ule uliandikwa "umekamilika".

Baada ya tarehe ndipo naenda kusikiliza. Anayeuliza asiwe ndugu wala mwajiriwa wa taasisi, na asifike na gari lenye nembo. Kwa watu wa mwaloni, tazama mwezi kwanza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika na watu wanapata nafasi ya kukaa na kuongea. Ukienda wakati wa giza utamkuta mama anakujibu huku macho yake yakiwa kwenye mzigo wake.

Usiulize kama msaada umewafaa, maana utashukuriwa tu. Mimi huuliza: "Mlihangaika na nini mpaka mkaupata?" Halafu: "Mngekabidhiwa fedha zile mkononi, mngezifanyia nini?" Swali hili la pili ndilo linalofungua vinywa. Mmoja wa wale kina mama alinijibu, "Tungenunua maturubai, mwanangu. Vichanja tunatengeneza wenyewe kwa miti."

Marekani kuna Center for Effective Philanthropy, iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo hukusanya maoni ya wanaopewa ruzuku bila kutaja majina, kisha huionyesha taasisi ilivyo ikilinganishwa na wenzake. Ni utaratibu mzuri, ila taasisi yenye misaada kumi kwa mwaka haiwezi kumficha mtu: ukitaja Ukerewe tu, kila mdhamini anajua ni nani aliyesema. Mimi huzishawishi taasisi mbili au tatu zijitathmini pamoja, nikachanganya majibu, zote zikasomewa kitu kimoja.

Kikao cha kusoma matokeo ndicho kinachotaka busara zaidi. Mzee namwona kwanza peke yake, nyumbani kwake. Namsomea zile tarehe taratibu bila kutoa hukumu, naye mara nyingi huwa wa kwanza kuumia, kwa kuwa mali ile aliitoa kwa moyo. Si haki azisikie mara ya kwanza mbele ya wakwe na wajukuu. Kwenye kikao chenyewe namwomba azungumze mwisho, kwa sababu akishasema yeye hakuna atakayempinga. Anaanza mdogo kuliko wote.

Kisha wanachagua jambo moja tu la kurekebisha, linaandikwa kwenye muhtasari pamoja na jina la atakayelisimamia. Familia ile iliamua kila ombi lijibiwe ndani ya siku 30, hata kama jibu ni hapana, na misaada inayotegemea msimu iamuliwe na wadhamini watatu bila kungoja kikao kizima. Kabla ya kupitisha hilo, soma katiba yenu. Kama akidi inadai wadhamini wote wawepo, kipengele hicho ndicho cha kuanza nacho.