Chakula Kilicholala Bila Friji: Maswali na Majibu kwa Wapishi wa Kibera na Kawangware

Katika makazi ya Kibera, kuanzia Makina hadi Laini Saba, na katika mitaa ya Kawangware kama vile Gatina na Kabiro, familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha mabati ambamo jiko, kitanda na akiba ya chakula hukaa pamoja, na ambamo friji ama haipo au haitegemeki kwa sababu umeme hukatika mara kwa mara. Kwa kuwa makaa, mafuta ya taa na gesi hugharimu sehemu kubwa ya pato la siku, mpishi huona afadhali kuchemsha sufuria moja ya githeri itakayoliwa zaidi ya mara moja. Majibu yafuatayo yanasimama juu ya hoja moja: pasipo na friji, usalama wa chakula hutegemea kiasi kilichopikwa na muda kiliokaa baada ya kuepuliwa, kuliko ukali wa moto wa kukipashia.

Kwa nini chakula kilichochemka sawasawa huweza kuleta ugonjwa baadaye?

Mchemko huua bakteria walio hai, lakini baadhi yao, kama vile Bacillus cereus ambaye hupatikana sana katika wali, na Clostridium perfringens ambaye hupendelea nyama na maharagwe, hutengeneza spora, yaani umbo gumu lililolala ambalo hustahimili moto wa sufuria. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji huchemka humo kwa takriban nyuzijoto 94 za Selsiasi badala ya 100. Joto hilo latosha kuua bakteria walio hai, lakini spora huweza kuokoka, kama ziwezavyo kuokoka hata Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Chakula kinaposhuka chini ya nyuzijoto 60, spora huamka na bakteria huanza kuzaliana, na katika uvuguvugu wa nyuzijoto 43 hadi 47 Clostridium perfringens huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa dakika kumi hivi. Sufuria kubwa iliyojaa na kufunikwa hubaki katika uvuguvugu huo kwa saa nyingi, hasa katikati yake.

Je, kukichemsha tena asubuhi hakuondoi hatari hiyo?

Huondoa sehemu tu. Kupasha chakula hadi kifike nyuzijoto 70 katikati huua bakteria waliozaliana usiku, lakini hakuondoi kila sumu waliyoiacha. Sumu ya kutapisha ya Bacillus cereus imebainika kustahimili nyuzijoto 121 kwa dakika 90, hali ambayo hakuna jiko la nyumbani linaloweza kuifikia, na sumu ya Staphylococcus aureus, bakteria anayeishi katika pua na ngozi ya binadamu na kuingia chakulani kupitia mikono, nayo hustahimili mchemko. Kwa sababu hiyo, wali uliolala mezani huweza kumtapisha mlaji kati ya saa 1 na 6 baada ya kuliwa, ingawa ulipashwa hadi ukatoa mvuke na haukuwa na harufu mbaya wala ladha ya kuchacha.

Chakula kinaweza kukaa nje ya moto kwa muda gani?

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni tano za usalama wa chakula lilizozitoa mwaka 2001, lilielekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika halijoto ya chumba kwa zaidi ya saa 2, na kwamba kinachosubiri kuliwa kibaki juu ya nyuzijoto 60 au kipozwe haraka hadi chini ya nyuzijoto 5. Mpishi asiye na kipimajoto aweza kukumbuka kwamba chakula kinacholika bila kupulizwa kwa kawaida kimekwisha kushuka chini ya nyuzijoto 60, na hesabu ya saa mbili imeanza.

Je, baridi ya usiku wa Julai haitoshi kukihifadhi?

Haitoshi. Usiku wa Julai jijini Nairobi hushuka kwa wastani hadi nyuzijoto 11 au 12 hivi, kiwango ambacho bado ni zaidi ya maradufu ya kile cha nyuzijoto 5, na ndani ya chumba walimolala watu kadhaa, ambamo jiko lilizimwa jioni, joto huwa juu zaidi. Baridi hiyo hupunguza kasi ya bakteria lakini haiwasimamishi, na ugali wa jana unaoliwa kwa chai hauna msamaha wowote katika kanuni hiyo.

Asiye na friji afanye nini ili asipoteze chakula wala makaa?

Njia ya kwanza ni kuweka akiba ikiwa kavu: mahindi na maharagwe makavu hukaa salama mahali pakavu kwa muda mrefu, na kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kuyachemsha, hivyo mpishi huweza kupika ya siku moja tu bila kuunguza makaa mengi. Njia ya pili ni kukizuia chakula kisipoe, kwa kutumia kikapu kilichotandikwa vitambaa au blanketi kuukuu, ambamo sufuria huingizwa ikiwa bado inatokota, imejaa na kufunikwa, na hufunuliwa wakati wa kula tu. Sufuria iliyojaa hutunza joto kuliko iliyobaki nusu, na ikikutwa na uvuguvugu, kilichomo kiliwe papo hapo au kimwagwe. Anayenunua githeri iliyochemshwa kibandani naye achague inayotoa mvuke, aulize iliepuliwa lini, na aikaange mara afikapo nyumbani.

Mtungi wa udongo unaopoza kwa maji waweza kuchukua nafasi ya friji?

Mtungi ndani ya mtungi, wenye mchanga wa majimaji katikati, ulienezwa na mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria katika miaka ya 1990, nao hupoza kwa mvukizo, yaani maji yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo. Chombo hicho hurefusha uhai wa nyanya na sukuma wiki, lakini hakifikii nyuzijoto 5, na kwa hiyo hakifai kwa mchuzi, nyama wala wali uliopikwa.

Aliye na friji akipoze chakula kwa namna gani?

Chakula kigawanywe katika vyombo vipana, kina cha kila kimoja kisizidi sentimita 5, kisha vyombo viwekwe ndani ya beseni la maji baridi na chakula kikorogwe kwa mwiko safi hadi joto lishuke; maji hayo, ambayo katika mitaa hii hununuliwa kwa mtungi, yaweza kutumiwa baadaye kupigia deki. Ndani ya friji mchuzi huliwa kabla ya siku 3 au 4 kwisha, na wali ndani ya siku moja. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi, na baada ya hapo vyakula vilivyopikwa havifai kuwekwa tena.

Watoto wadogo wanahitaji uangalifu gani zaidi?

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba chakula kisicho salama huua watu 420,000 kila mwaka duniani, na kati yao 125,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Uji wa mtoto upikwe kwa kiasi cha mlo mmoja, au utiwe ukiwa unachemka katika themosi safi iliyotangulia kupashwa kwa maji moto, na uliosalia kikombeni usirudishwe. Mtoto anayehara apewe maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, na apelekwe kituo cha afya bila kukawia akiwa na damu katika choo, macho yaliyodidimia au ulegevu.

Je, kumwaga chakula si hasara kubwa kwa familia yenye kipato kidogo?

Ni hasara ya kweli, na hakuna mtaalamu anayepaswa kuipuuza. Hata hivyo, kuhara kwa mtoto mmoja hugharimu dawa, nauli na siku ya kibarua ya mzazi, gharama ambayo mara nyingi hupita bei ya githeri iliyomwagwa. Ndiyo maana kipimo chenye faida kuliko vyote hufanyika kabla moto haujawashwa, mpishi anapohesabu walaji wa jioni hiyo, akatia sufuriani kinachowatosha, na kuacha kilichobaki kikiwa kikavu katika gunia.