Wanafunzi Wakitapika Bwenini, Shika Daftari

Taarifa ikija usiku kwamba wanafunzi wanatapika, mgonjwa kwanza: apewe maji ya ORS kidogo kidogo, na anayelegea au kuharisha damu apelekwe zahanati usiku huohuo. Papo hapo, tuma mtu jikoni sufuria zisioshwe. Mpishi akipata hofu humwaga mabaki, na mabaki ndiyo ushahidi. Yafunikwe, yaandikwe tarehe na mlo, yawekwe kwenye friji kumsubiri afisa afya.

Kisha daftari: jina, bweni, muda alioanza kutapika, kama anaharisha, alichokula kwa siku tatu, maji aliyokunywa. Usiandike "usiku", andika saa nne na nusu. Muda huo unaeleza mengi. Wengi wakitapika ndani ya saa sita baada ya mlo mmoja, shuku sumu ya bakteria, kama kwenye wali uliopikwa mapema ukaachwa kwenye joto. Kuupasha moto hakuiondoi sumu hiyo. Wakianza wachache leo, kesho wenzao wa vitanda vya jirani, shuku kirusi cha noro, ambacho huchukua saa 12 hadi 48 kabla ya dalili kuonekana. Anayeharisha mfululizo choo kama maji ya mchele huenda ana kipindupindu. Toa taarifa wilayani mara moja.

Kosa kubwa ni kuwahoji wagonjwa peke yao. Kama mlo ulikuwa makande, wote watasema waliyala, lakini hata wazima waliyala. Wahoji na wazima. Tuseme waliokula makande ni 200, wakatapika 80, na wasiokula ni 100, wakatapika 4. Hiyo ni asilimia 40 dhidi ya 4, na makande yana kesi ya kujibu. Asilimia zikikaribiana, achana na makande, ufuate maji, vyoo na mabweni.

Wapishi waulizwe kwa upole, mmoja mmoja, mkuu wa shule akiwa mbali. Anayeogopa kufukuzwa hatasema kuwa juzi aliharisha na bado akapakua chakula. Aliyeumwa asiingie jikoni mpaka saa 48 zipite tangu apone.

Matapishi yasafishwe kwa klorini, na mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kwani vitakasa mikono vya spiriti havikiwezi vizuri kirusi cha noro. Nanyi wakuu wa shule, nawasihi: msifunge shule kabla afisa afya hajafika. Wanafunzi wakishapanda mabasi, ugonjwa unafika nao majumbani, na wa kuhojiwa hayupo tena.